Mama na Dansi ya London

Mama alivunjika nyonga mwaka juzi, akitoka bafuni nyumbani kwetu Ansab, hapa Omani tulikohamia kutoka Unguja. Alikuwa ameshapita miaka tisini. Daktari alimfanyia operesheni, kisha akatuita mimi na ndugu yangu pembeni, akatwambia kazi yake imekwisha na iliyobaki ni yetu. Bibi huyu akitembea ndani ya miezi mitatu, atatembea. Asipotembea, basi ni kitanda mpaka mwisho wake. Mimi nilikuwa nimestaafu wizarani, wanangu wana nyumba zao. Nikamjibu daktari kwamba atatembea.

Aliyekataa ni Mama mwenyewe. Binti wa mazoezi alikuja mara tatu kwa wiki, Mwomani mwenye sauti ya upole, akimsimamisha mbele ya chuma cha kutembelea, kile cha miguu minne. "Yalla, khala, hatua moja tu," akimbembeleza kwa Kiarabu, kama mtu na mama yake mdogo. Mama akitazama ukuta. Mimi akaniambia kwa Kiswahili, ili binti asielewe: "Mwambie aende zake. Nshatembea vya kutosha."

Sikumwambia aende zake. Asubuhi na alasiri, siku ambazo binti haji, nilimsimamisha mimi. Alisimama, akavuta pumzi mbili tatu, akakaa. Wiki mbili zikapita hivyo, nami mgongo unaniuma lakini siachi.

Alasiri moja, ameshika chuma, nikamsikia anaimba puani, midomo imefumba. Haikuwa kasida, wala haikuwa taarabu. Ulikuwa muziki wa kuruka ruka, mwepesi, kama mtu anayeshuka ngazi ana furaha. Mguu wake wa kulia ukasogea. Wa kushoto ukafuata. Alikwenda hatua sita, wimbo ukakatika, na miguu ikasimama palepale.

"Mama, wimbo gani huo?"

"Wa babu yako. Wa London."

"Endelea nao."

"Siujui mbele. Naishia hapa." Akataka kukaa.

Jioni hiyo, kwenye chai, ndipo aliponieleza. Babu yangu alikuwa karani wa serikali Unguja, kabla ya vita vya pili. Mkubwa wake, Mwingereza, alikuwa na redio kubwa ya mawimbi mafupi, na hakuna aliyejua kuuvuta ule waya wa juu ya paa na kuitafuta London isipokuwa babu. Basi mara moja kwa wiki aliitwa aikamate stesheni, na ujira wake ni kukaa barazani akasikiliza mpaka mwisho. Kulikuwa na bendi ya dansi ikipiga kutoka hoteli moja huko London, na katikati ya nyimbo mtu mmoja akichekesha watu. Babu hakuelewa hata kichekesho kimoja, lakini watu wa London wakicheka, naye akicheka. Alirudi nyumbani na muziki wote mdomoni, akawapanga watoto wake ukumbini na kuwafunza hatua: mbili mbele, moja kando, geuka. Mama alikuwa na miaka mitano.

Nikaamua kuutafuta wimbo wenyewe. Kama Mama anasimama pale wimbo unapoishia, dawa yake ni kuupata uliobaki.

Nilimrekodi kwenye simu. Siku hizi kuna watu wamezitia santuri za zamani kwenye mtandao kwa maelfu, na zile bendi zilizokuwa zikisikika redioni ndizo zilizokuwa zikirekodi santuri. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilitoka kutembea mtaani kabla jua halijawa kali, vidude vya kusikilizia masikioni, nikisikiliza bendi moja baada ya nyingine: tarumbeta, fidla, piano, wanaume wanaoimba kama wana mafua. Nyimbo nilizokwisha kuzisikiliza nikaziandika kwenye daftari na kuzipiga mstari. Daftari la kwanza likajaa, nikanunua la pili.

Ndugu yangu hakupendezwa. Yeye ni mtu wa msikitini, na tangu zamani muziki haupendi.

"Dada, mgonjwa anasomewa Kurani," akaniambia. "Wewe unamtafutia dansi za Wazungu."

"Kurani nnamsomea kila siku, na unajua," nikamjibu. "Lakini miguu yake inataka hii. Kama una njia nyingine ya kumtembeza, njoo umtembeze."

Akaenda zake. Siku zikawa zinahesabika. Mama alikuwa bado kwenye hatua sita, siku nyingine nane.

Niliupata wiki ya saba. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka la mikate, nikausikia mwanzo wake, nikakaa kwenye ukingo wa njia nikalia, watu wakinitazama. Nikarudi mbio. Nikamsimamisha Mama, nikaiweka simu juu ya kabati, nikaufungulia.

Akaanza vizuri. Hatua sita, nane. Bendi ikaingia sehemu asiyoijua, na miguu ikasimama vilevile.

Wiki saba, madaftari mawili. "Mama, si ndiyo huo?"

"Ndiyo huo," akasema. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa makini. "Lakini kipande hiki sijapata kukisikia. Hapa redio ilikuwa ikipotea. Inavuma tu, shshsh. Babangu akitupigia makofi tusisimame, mpaka sauti irudi."

"Akipiga vipi?"

Akatoa mkono mmoja kwenye chuma, akapiga paja lake taratibu: moja, mbili, na ya tatu nzito.

Nikazima simu. Nikaanza wimbo mimi mwenyewe, kwa sauti yangu hii mbovu, polepole kuliko bendi, na tulipofika pale pa kukatika nikapiga makofi. Moja, mbili, na ya tatu nzito. Mguu ukanyanyuka. Akapita mlango wa chumba, akashika ukumbi, mimi narudi kinyumenyume mbele yake napiga makofi. Alikwenda mpaka kwenye meza ya chakula. Alipokaa alikuwa anatweta, jasho linamtoka usoni.

"Kesho mpaka majlisi," nikamwambia.

"Kesho kutwa," akasema. "Usinikimbize."

Kesho kutwa yake tukafika majlisi, kwenye chumba cha wageni. Binti wa mazoezi alipokuja nilimfunza wimbo, naye akaujua haraka kuliko mimi. Ndugu yangu alitukuta siku moja ukumbini, mikono yangu imechoka. Alisimama akatazama. Kisha akavua kofia, akaiweka mezani, akaja kupiga makofi. Kuimba hakuimba, na sikumwomba.

Miezi mitatu ilipotimia daktari alimtaka Mama atembee mbele yake mpaka dirishani na kurudi. Alikwenda na kurudi kimya, midomo ikicheza.

Mwezi uliofuata alitutaka tumpeleke Qurayyat kwa mdogo wake, ambaye hajaonana naye tangu operesheni. Tulitaka kumshusha kwa kiti cha magurudumu. Alikikataa. Kutoka kwenye gari mpaka kizingitini palikuwa na kokoto, na jua la saa tano, na ilimchukua muda mrefu kufika. Mdogo wake alisimama mlangoni akimsubiri, hakutoka kumsaidia, kwa sababu Mama alishamwonya kwa simu asithubutu.