Mzee wa Darajani

Juzi dada yangu Adela alinionyesha kwenye simu mchezo wetu wa zamani wa kompyuta, uliotengenezwa upya na sasa unatolewa sehemu kwa sehemu. Siku hizi hata yule mzee wa darajani, mhusika aliyekuwa akiuliza kwa maandishi tu, anaongea. Nilimuuliza Adela kama mchezo huo mpya umemridhisha.

"Ni mzuri," alisema, "lakini hautuachii cha kutafuta."

Nikakumbuka mchana mmoja dukani kwa shangazi, Ngara mjini. Mvua ilipiga bati, na kompyuta yake ya kuchapia barua ilinuka vumbi lililopata moto. Kwenye kioo, mzee wa mchezo alituzibia daraja akauliza jambo kwa Kiingereza, lugha ambayo hatukuijua. Niliamini amekasirika kwa sababu hatukumwamkia. Adela akaandika: shikamoo. Mzee akarudia swali lilelile.

"Labda hasikii vizuri," nilisema. "Andika kwa herufi kubwa."

Akaandika, tukangoja marahaba. Umeme ukakatika.

Sasa najua mzee alitaka jina la mto tu. Lakini jioni ile tuliteremka kilima tukibishana kama mzee yule ni Mhangaza wa hapo kwetu Ngara au Mrundi wa ng'ambo ya mpaka, ili kesho yake tumsalimie kwa lugha ya kwao.