Dozi Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo mume wangu nusura akose dawa kwa sababu ya heshima!

Mnajua Ochieng aliacha heroini. Kila asubuhi anakunywa methadoni hospitalini hapa Homa Bay. Lazima ameze nesi akimwangalia, halafu aongee, ndio ijulikane hajaificha mdomoni. Akikosa, mwili utamuuma mpaka arudi kwa muuzaji.

Leo tumechelewa. Tunafika, anapewa kikombe pale dirishani, nageuka... nani yuko kwa benchi?

Mama yangu! Ametoka Uriri kuja kliniki ya presha.

Sikuwa nimemwambia lolote. Na hilo dirisha kila mtu anajua ni la nini.

Sasa nyinyi Waluo wenzangu mnajua, mkwe hali wala hanywi mbele ya mama mkwe. Ochieng akaganda.

"Meza, tunafunga," nesi akasema.

"Siwezi. Mama mkwe yuko hapo."

Nesi si wa huku. Akanyoosha mkono akichukue tena kikombe.

Niambieni, hapo ungefanya nini?

Mama akasimama. Akaangalia kikombe, akaniangalia mimi. Nikajua leo narudishwa kwetu Uriri.

Akageukia ukuta, akajifunika leso kichwani.

"Sista, mpe dawa. Mimi sioni mtu hapa."

Ochieng akameza.

"Haya, ongea," nesi akamwambia.

Akamwamkia mama kwa Kiluo, kwa sauti ndogo: "Oyawore, mama."

Mama bado anatazama ukuta.

"Oyawore ahinya. Na kesho usichelewe."