Maganda Mawili Katika Silinda

Baba alipofariki, bunduki yake niliachiwa mimi, ingawa kaka yangu anayekaa mji wa Sur ndiye mkubwa. Sikukuu iliyopita nikasimama nayo mbele ya ukoo mzima, nikaikosa sahani nyeupe ya shabaha mara tatu. Nikasema kilengeo cha mbele, kile kichuma cha ncha ya mtutu, kimepinda. Watu wakaitika kwa adabu, isipokuwa kaka.

"Baba kaipiga miaka yote, haijapinda," alisema. "Lakini ikiwa wewe wasema hivyo, twende Nizwa kwa fundi, akipige tupa hicho kilengeo. Khalas, yaishe."

Tukapatana Jumamosi ya wiki ya pili. Nilijua vizuri kwamba chuma kikishakatwa hakirudi. Nilijua pia kwamba nikisema nimekosea mimi, kaka atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini bunduki isikae kwake. Nikanyamaza. Mimi ni mtu wa kiburi, na sioni faida ya kulificha hilo leo.

Siku zile kibali changu cha bastola ndogo ya mazoezi kilikuwa kimeshatoka. Nikamchukua mke wangu, tukatoka kwetu Ibra asubuhi kwenda dukani Nizwa. Muuzaji alikuwa mzee aliyezaliwa Bujumbura, Kiswahili chake cha bara, kahawa yake chungu kweli. Baada ya vikombe vitatu akatuwekea mezani rivolva mbili, bastola za silinda ya kuzunguka, zote za risasi ndogo za ishirini na mbili, zile ambazo pini huzigonga ukingoni mwa kitako. Hazina kishindo kikubwa wala teke zito.

Ya kwanza ilikuwa fupi, inang'aa, inaingia risasi tisa. Nikaipenda palepale. Ya pili ilikuwa nyeusi, ndefu, ya risasi sita, nzito kama mchi.

"Hii fupi ni ya kutembea nayo, ya mazoezi ni ile," mzee alisema. "Mtutu mrefu unakuonesha kosa lako. Mfupi unakuficha."

Sikumsikiliza. Mke wangu akazishika zote mbili kwa zamu, akainyoosha ile nyeusi kuelekea ukutani, akakaa nayo kitambo.

"Hii imetulia," alisema. "Kisu chepesi ndicho kinachokukata vidole, bwana. Kizito chakata chenyewe. Chukua hii."

Ndoa yangu ina miaka ishirini na sita kwa sababu najua pa kubishana na pa kukubali. Nikaichukua nyeusi, nikaiaga ile inayong'aa kwa huzuni ya kweli. Mzee akatupatia pia kiganja cha maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Tukitaka kuizoea nyumbani, alisema, tusifyatue silinda tupu, maana pini itagonga chuma iharibike. Tutie maganda.

Ijumaa asubuhi tukaenda uwanja wa shabaha. Hewa ilikuwa ya baridi kidogo, chai ya maziwa ipo kwenye chupa, nami nilikuwa na raha kama siku ya kwanza ya likizo. Raha ikapungua: risasi sita za mwanzo zote zilitua chini ya duara.

"Na kilengeo hiki nacho kimepinda?" mke wangu aliuliza.

Akasema atanijazia yeye. Akanipa mgongo, akajaza, akaifunga silinda, akaniwekea bastola mezani. Nikalenga, nikapiga. Nikapiga tena. Mara ya tatu ikasikika *ta*, kavu, bila mlio. Alikuwa amechanganya maganda mawili na risasi nne, na hilo lilikuwa ganda. Hakukuwa na mlipuko wa kunifunika. Nikauona mkono wangu mwenyewe ukiusukuma mtutu chini, na macho yangu nikayahisi yamejifumba.

"Umefumba," alisema taratibu. "Na sikukuu ulifumba. Nilikuona."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kisha, ajabu, nikapumua. Tukaendelea hivyohivyo, yeye anajaza, mimi sijui lipi ganda, mpaka mkono ukaacha kuogopa kitu ambacho huenda kisije. Tulipomaliza chai, risasi nne kati ya sita ziliingia ndani ya duara.

Nilimpigia kaka palepale uwanjani, kabla kiburi hakijarudi.

"Shikamoo kaka. Ile safari ya fundi tuivunje. Bunduki haina kosa. Mimi ndiye ninayefumba macho."

Nikasubiri aseme niipeleke Sur, na nilikuwa nimeshajiandaa kusema sawa.

"Umejuaje?" aliuliza mwishowe.

Nikamweleza habari ya maganda, na nani aliyeyatia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwake tangu tuko wadogo:

"Shemeji aweza kunijazia na mimi?"