Raketi ya Vendel

Wanaume wa kijiji cha Kishalom walimwamini Ibolya kwa koo zao. Kila Ijumaa walikaa kwenye kiti chake kimoja baada ya mwingine, wakainua videvu, wakafumba macho, naye akawapitishia wembe bila kumkwaruza hata mmoja. Lakini wakimwona ameshika raketi badala ya wembe, hapo ndipo walipokumbuka kwamba ni mwanamke, na kwamba eti wanawake hawana roho ya mashindano.

Alikuwa mwanamke pekee katika timu ya tenisi ya meza ya kijiji, wa nne kati ya wanne. Wanawake wa kutosha kuunda timu yao hawakuwapo, na chama cha wilaya kiliwaruhusu wacheze na wanaume. Chama kiliruhusu, wanaume wenyewe walivumilia tu.

Kosa lake alilifanya vuli iliyopita. Pointi ya mwisho, zamu yake ya kuanzisha, akarusha mpira juu, mkono ukamtetemeka, mpira ukaenda upande. Akaudaka ili aanze upya. Katika mchezo huu hakuna cha kuanza upya: ukisharusha lazima upige, ukidaka umepoteza. Ibolya alilijua hilo tangu yuko shule, na bado akadaka. Timu ikafungwa. Walipomuuliza imekuwaje, akawaambia kweli tupu.

"Niliogopa."

Hapo ndipo alipojiponza. Maana katika ukumbi ule watu hufungwa kwa sababu zinazoeleweka: bega, taa, sakafu inayoteleza. Nahodha Dezső, fundi bomba mwenye shingo nene, alikuwa akitapika nyuma ya ukumbi kabla ya kila mechi, na kila mara ilikuwa ni soseji iliyochacha. Soseji zikachacha msimu mzima, na hakuna aliyewahi kumuuliza anazinunua wapi. Lakini hilo neno la Ibolya liliwakaa vichwani, wakamtania nalo mpaka Krismasi.

Jumapili moja ya Februari walikuja wapinzani wao wa kijiji cha Tóhalom. Atakayefungwa anashuka daraja. Dezső, midomo imempauka, akamvuta Ibolya pembeni karibu na jiko la kuni.

"Sikiliza, Ibolya. Ottó goti lake limepona, anaweza kucheza tena."

"Hongera zake."

"Mimi sitanii. Ukitetemeka tena leo, msimu ujao Ottó ndiye wa nne. Wewe utabaki kutukatia vitunguu."

"Na wewe je, ukitapika?"

"Mimi ni soseji, dada yangu!"

Ibolya hakucheka. Dukani alinyoa watu, nyumbani alimhudumia mama yake mgonjwa, na kwenye kila sherehe ya kijiji alipewa kisu na ndoo ya viazi kabla hajavua koti. Hapo kwenye meza ya tenisi tu ndipo hakuna aliyemtuma. Kupaogopa alipaogopa, lakini kupakosa aliona ni afadhali afe.

Mechi zikaenda sako kwa bako hadi ikabaki moja, yake na Vendel wa Tóhalom. Huyu Vendel alikuwa dereva wa trekta, bonge la mtu, na sauti yake ilifika mezani kabla yake.

"Jamani, leo nimepangiwa kinyozi! Dada, utaninyoa ndevu tu, au na kichwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Nitaanzia shingoni, kaka," akasema Ibolya. "Hiyo shingo imeota kichaka. Mkeo hajakwambia?"

Wakacheka tena, safari hii upande wake. Lakini viganja vilikuwa vinamtiririka jasho. Na sasa ilikuwa imefika ile dakika aliyoichukia kuliko zote. Kabla ya mchezo kuanza, wachezaji hubadilishana raketi, kila mmoja akague ngozi ya mpira iliyobandikwa kwenye raketi ya mwenzake. Mpinzani akishaishika raketi yako, anaujua mkono wako ulivyo. Ibolya alikuwa ameufuta mpini kwa taulo mara kadhaa, na bado ulikuwa na unyevu. Akampa Vendel, akapokea ya Vendel.

Mpini wa Vendel ulikuwa umelowa chepechepe. Jiko halikuwa limeshika moto vizuri, watazamaji wamevaa makoti, na mbao ile ilikuwa inateleza kwa jasho.

Akainua macho. Vendel hakuwa anacheka tena. Alimtazama kama mteja aliyehisi wembe umefika kooni.

Neno moja tu lingetosha. Ukumbi ungempokea Vendel kwa vicheko, na wenzake wa Tóhalom wangemtania hadi Pasaka. Neno lilimfika Ibolya kwenye ulimi, na kusema kweli lilikuwa tamu. Kisha akaikumbuka ile vuli, akavuta taulo lililokuwa begani, akaukausha mpini ule vizuri, juu mpaka chini, akamrudishia bila kusema kitu.

"Asante," Vendel akanong'ona.

Vendel hakumwonea huruma, hata hivyo. Alipiga kwa nguvu zote, akanguruma kila alipopata pointi, na Ibolya sasa akajua ngurumo ile inatoka wapi. Asije mtu akadhani hofu ilimtoka. Ilikaa naye tangu seti ya kwanza hadi ya tano. Ila alikuwa amezoea kudhani anatetemeka peke yake humo ndani, na kumbe sivyo, na hilo lilimpa nafuu kubwa.

Kumi kwa tisa, Ibolya yuko mbele, zamu yake ya kuanzisha. Dezső akafumba macho.

Akarusha mpira. Mkono ukatetemeka. Mpira ukaenda upande, vilevile kama vuli, na vidole vyake vikafunguka kuudaka.

Akapiga.

Ulikuwa mpigo wa ovyo. Mpira ukajikongoja, ukavuka wavu kwa shida. Vendel, aliyekuwa amesimama mbali akingoja kombora, akaukimbilia, akaugusa, ukagonga wavu na kuangukia upande wake mwenyewe. Kishalom hawakushuka daraja.

Baadaye wote walikaa kwenye meza ndefu, wenyeji na wageni, kwa mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe, vitunguu na divai.

"Bega hili," Vendel akasema, "linanivuta tangu asubuhi." Vichwa vikatikisika kumhurumia.

Dezső akainua glasi. "Ibolya! Leo umecheza kama mwanamume!"

Wakapigapiga meza. Ibolya akangoja watulie.

"Kweli kabisa, Dezső. Na nimeogopa kama mwanamume."

Ottó akajikuna goti. Vendel akaifuta mikono yake kwenye suruali, polepole, bila kumtazama mtu. Sahani ya vitunguu ilikuwa tupu, na kwa mazoea macho mawili matatu yakamgeukia Ibolya.

Dezső akavuta ubao wa kukatia, akachukua kisu, akaanza kukata mwenyewe.