Shati la Masanja Liko Ndani ya Kioo

"Mzee, rudi nyuma ya kamba. Usiguse."

Nilikuwa nimenyoosha mkono kwenye shati la rafiki yangu Masanja. Lilikuwa limetundikwa ndani ya sanduku la kioo, linamulikwa taa kama bibi harusi, watu wamelizunguka kimya kama wako misani. Chini yake pameandikwa: SHATI LA MCHIMBAJI ASIYEJULIKANA.

Asiyejulikana. Mimi nimekula naye sufuria moja miaka kumi na moja. Na aliyelifikisha shati kwenye kile kioo ni mimi. Kosa ni langu, nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi na Masanja tulikuwa na duara letu, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Masumbwe. Chini kuna joto, kwa hiyo kabla ya kushuka Masanja alikuwa anavua shati na kulitundika kwenye gogo mdomoni mwa shimo. Duara lilipoporomoka, mimi walinitoa kesho yake, mgongo umeharibika. Yeye hawakumpata. Yumo humo mpaka leo. Kilichobaki juu ni shati, wenzetu wakaniletea hospitali nilikolazwa.

Kwa ukoo wao, mwili usipopatikana huzikwa nguo yenye jasho la mtu. Mama yake anaishi Ushirombo. Akanitumia ujumbe: niletee shati la mwanangu nimzike. Nikajibu, nikiweza kusimama nitakuja.

Kabla sijasimama akaja Renatus Kilunga, msanii, kamera shingoni, raba nyeupe miguuni. Raba nyeupe, Masumbwe. Akakaa kitandani kwangu, akaniita shujaa.

"Kaka, niazime hili shati wiki mbili tu. Watu wakubwa watalitazama. Na jina lako litakuwa pale ukutani, na picha yako."

Nikampa. Nisitafute kisingizio, nilitaka jina langu lisomwe. Nimeishia darasa la nne, jina langu lilikuwa halijaandikwa popote ila kwenye kadi ya kliniki.

Wiki mbili zikaisha, simu ya Kilunga ikawa haipatikani. Mama Masanja nikamdanganya kwamba shati limepotea hospitali. Kwa kukosa nguo, wakazika mgomba.

Juzi juzi nimekwenda Mwanza kutibu mgongo, nikaona bango la maonyesho makubwa ya sanaa, lina picha ya shati. Shati lile nalijua hata nikifumba macho. Nikapanga foleni na wenye nafasi zao, nikaingia kama mtazamaji.

Binti anayeongoza wageni alikuwa anaeleza. "Tazameni tundu hili la begani. Hapa mwamba unazungumza." Dada mmoja akatoa leso.

Lile tundu alilitafuna mbuzi wa mama ntilie wetu, shati likiwa kwenye kamba. Masanja nusura amchinje.

"Huyo ni mbuzi," nikasema. Watu wakanigeukia. Mmoja akaandika kwenye kidaftari chake, akatikisa kichwa kwa heshima.

Hapo ndipo nilipovuka kamba, na mlinzi akanirudisha. Nikamwambia, "Mwenye shati hili namjua."

"Wengi wanasema hivyo, mzee. Sanaa nzuri ndivyo inavyomfanya mtu."

Wakanipeleka kwa msimamizi, dada Jovita. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo baba," akanivutia kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Una karatasi ya makabidhiano?"

Sina. Sisi tunapeana vitu kwa mkono.

"Basi ni mali ya msanii, baba. Na likitoka hapa linakwenda nje ya nchi."

Akanipa kitabu cha wageni na kalamu niandike maoni. Nikaandika: ANAITWA MASANJA. Wakati wa kutoka nikakagua kuta zote nikitafuta jina langu, maana ujinga hauponi kwa siku moja. Halikuwepo.

Kutoka Mwanza sikwenda nyumbani, nilikwenda Ushirombo. Nilimkuta Mama Masanja anachambua maharage. Mlango wake hautiwi komeo tangu ule msiba, anasema aliyezikiwa mgomba anaweza kurudi. Nikamweleza yote, la hospitali kwamba ni uongo, la kioo, la taa. Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru.

"Ng'wanawane," akasema, ndivyo anavyoniita, mwanangu, "kwa hiyo watu wote wanamwona, isipokuwa mimi?"

Ninyi mliobakiwa na nguo ya marehemu, pelekeni kwao kwanza. Akija mtu wa kukuita shujaa, muulize anataka kuondoka na nini.

Na wewe Renatus Kilunga, na wewe dada Jovita uliyejua na ukanipa kalamu, mimi msinijibu. Mimi nimeshakiri langu. Kabla hamjalipandisha ndege, nendeni Ushirombo, mlango uko wazi, mkamjibu yule mama swali lake.