Neno la Tatu la Kunegunda

Kunegunda, jirani yangu hapa Majengo, haamini mtu. Akiuza dagaa wa Nyasa sokoni, noti anaiinua juani kwanza, hata ikitoka kwa katekista. Mlango wake una kufuli mbili, na funguo analala nazo. Sasa mwanamke wa namna hiyo, mwanawe Kajetani akaenda kuweka akiba yake kwenye pesa za mtandaoni, hizi wanazoita kripto!

"Ofisi yao iko wapi?" mama mtu akauliza.

"Hawana ofisi, mama."

"Meneja je?"

"Hakuna. Ni maneno kumi na mawili ya Kizungu tu, ndiyo ufunguo wake. Yakipotea, hakuna wa kumlilia."

"Wezi hao!"

Kajetani akayagawa. Sita akamkaririsha mama yake, ambaye hakusoma. Sita akampa mkewe, Oliva. Bila wote wawili, hakuna kinachofunguka. Alidhani amewaunganisha. Thubutu! Pikipiki ilipomuua Kajetani, na simu yake ikasagika, wale wanawake walibaki nyumba moja wakiviziana kama paka wawili kwenye sahani moja.

Masika haya bati zilivuja mpaka kitanda cha mtoto kikalowa, ndipo wakakubali kufungua. Kunegunda akaniita mimi, Devota, niandike maneno yake kwenye simu mpya. Aliniapisha kwa rozari, akaninong'oneza sikioni huku kaziba mdomo kwa khanga. Neno la tatu lilikuwa "laiti". Leo nalitaja bila hofu, pesa zimeshahamishwa. Mimi na kidato changu cha nne nikajua hiyo ni light, mwanga, nikaandika kwa mbwembwe.

Oliva naye akageukia ukutani, akaandika yake. Simu ikajibu: maneno si sahihi. Tukarudia. Yaleyale.

"Umebadilisha neno wewe!" Kunegunda akawaka. "Umengoja mwanangu azikwe ili ule peke yako!"

"Mama, nitakulaje bila maneno yako?"

"Toka kwangu! Nenda kwenu Namtumbo!"

Nami nilimtazama Oliva kwa jicho la pembeni. Mbona halii? Mtu asiye na hatia si angelia?

Hakulia. Alifungasha, akambeba mtoto mgongoni. Mlangoni akapiga goti, maana adabu anayo.

"Mama, naomba ruhusa niende."

"Luhusa unayo!"

Oliva akaganda palepale, goti chini. Sisi majirani masikio yetu yameshazoea. Kwa Kunegunda Ruvuma ni Luvuma, rozari ni lozali, tangu azaliwe. Nani anashtuka tena?

"Dada Devota," Oliva akasema, "kuna neno la mama linaloanza na l?"

"Usimwambie!" Kunegunda akaruka.

"Sitaki kulijua, mama. Dada, toa l, weka r."

Maneno yalikuwa bado kwenye kioo. Nikafuta l, nikaweka r. Ikawa right, sahihi. Nikabonyeza, na jamani, ikafunguka! Akiba ya Kajetani ilikuwepo yote, haijaguswa hata kidogo.

Hakuna aliyeshangilia. Aibu ilinishika, nikashindwa kumtazama yule binti usoni. Oliva akaichukua simu mikononi mwangu, akaiweka mapajani mwa mama mkwe wake, ikiwa wazi vilevile. Kisha akaokota begi lake.

"Mwanangu," Kunegunda akasema, na safari hii mdomo hakuuziba, "laiti ningekuuliza kwanza."

"Basi la Namtumbo linaondoka saa nane, mama," Oliva akajibu. Akamkaza mtoto mgongoni, akatoka.