Siku Tulipoikataa Bima ya Bei Rahisi

Kwetu Bwesumbu mgonjwa akizidiwa hubebwa kwa machela hadi barabarani, na kila nyumba imo kwenye kikundi cha wabebaji. Mpango wa bima za jamii uliporekebishwa, vikundi hivyo viliruhusiwa kujiunga kwa sharti moja: kikundi kizima kichague bima moja. Nikafunga kibanda changu cha vitenge kwenye soko la Bwera, nikapanda mlima kwenda mkutanoni.

Mdogo wangu alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na upasuaji ule ulikula nusu ya shamba la kahawa la mama. Daktari alishasema safari hii pia atapasuliwa. Nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa ikimlisha mama.

Bwana wa bima alitoka Kasese mjini, viatu vinang'aa. Bima ya kwanza ilikuwa rahisi: malaria, homa, vidonda, kulazwa siku chache. Ya pili ilikaribia bei maradufu, naye akaipitia haraka haraka. Wanaume wakaipigia makofi ile ya kwanza. Nilichemka! Mimi mtu wa soko. Ukinitajia bei kabla sijashika kitambaa, nakushuku.

"Na mwanamke akipasuliwa kujifungua?" nikauliza.

"Hiyo iko kwa bima ya pili tu. Mama, mimba haiko ugonjwa," akajibu huku akitabasamu.

"Ala! Mimba si ugonjwa?" Nikawageukia wabebaji. "Hebu semeni nyinyi. Mwaka huu mmembeba nani?"

Wakatazamana. Mwenyekiti wao akaanza kuhesabu kwa vidole: mke wa fundi, binti wa jirani, mkewe mwenyewe. Wote walikuwa na uchungu wa kuzaa, isipokuwa mzee mmoja aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi. Wanawake wakaangua kicheko.

"Pesa ya bima kubwa itatoka wapi?" mmoja akanung'unika.

"Kwenye pombe yako!" akina mama wakamjibu kwa pamoja. Tulipiga kura, tukaichukua ya pili. Wallahi, nilishuka mlima nikiimba peke yangu.

Miezi yake ilipotimia, uchungu ulimkamata mdogo wangu alfajiri. Wale wale wabebaji wakamteremsha, akapasuliwa hospitalini kabla ya adhuhuri, akapata binti mwenye mapafu ya kupigia kelele soko zima. Kwa karani nililipa ada ndogo ya kufungulia faili, basi. Nikapiga kigelegele hapo hapo kwenye korido hadi nesi akanikaripia. Sikujali!

Mama hakuwahi kuiamini bima. Alifika jioni na mkungu wa matoke, nyuma yake mnunuzi wa shamba.

"Baba, rudi nyumbani," nikamwambia yule mtu. "Hapa hakuna kinachouzwa."

Mama aliniuliza mara mbili kama ni kweli bima imelipa. Akakaa kwenye benchi, akalia kidogo, akajifuta kwa leso. Kisha akamgeukia mnunuzi.

"Umesikia? Shamba iko yangu. Sasa nisaidie kubeba hii matoke, wodi iko huko juu."